Singo jezi ya pamba iliyorejelezwa: kwa nini yenye asilimia 40 imeishinda yenye asilimia 30?

Fundi_Cherehani ameuliza:

Salaam kwenu wakuu. Ninaomba msaada wa wale wanaokifahamu kitambaa kutoka ndani, kwa maana ujuzi wangu mimi unaanzia pale jora linapotandazwa mezani na mkasi kushikwa.

Karakana yangu hushona fulana, na wateja wamekuwa wakitaka zile zenye pamba iliyorejelezwa. Nimeshatumia vitambaa viwili, vyote singo jezi, yaani kile kitambaa chepesi cha vitanzi cha kushonea fulana. Cha kwanza ni cheusi, kina asilimia 30 ya pamba iliyorejelezwa na 70 ya pamba mpya, na uzito wake ni gramu 145 kwa mita ya mraba. Cha pili ni melanji, yaani uzi wa nyuzinyuzi za rangi mbalimbali zilizochanganywa, ya buluu na nyeupe, kina asilimia 40 kwa 60, na uzito wake ni gramu 185. Kile cheusi kilipofika kilikuwa laini kama sufi, na mteja alikipenda papo hapo. Kile cha buluu kilikuwa kikavu kidogo mkononi, nikadhani kitaniaibisha.

Mambo yamekwenda kinyume. Baada ya kufuliwa mara tano, fulana nyeusi zimetoka vipele chini ya kwapa na pale mkanda wa mkoba unapopita. Mshono wa ubavuni umehama, na ukiiweka fulana mezani utauona upindoni umekuja mbele kwa upana wa vidole vitatu. Isitoshe, kando ya mshono wa bega kumetokea vitundu vidogo ambavyo ukivuta kidogo vinaanza kukimbia. Fulana za buluu zilizofuliwa pamoja nazo zimetoa manyoya kidogo tu, na mishono imekaa mahali pake.

Aliyeniuzia kile cheusi amenijibu kwamba ndivyo pamba iliyorejelezwa ilivyo, na kwamba nikitaka uimara nipunguze asilimia. Sasa, ikiwa asilimia ndiyo kisa, iweje yenye 40 iwe imara kuliko yenye 30? Na je, kabla sijanunua jora lingine, niulize nini?

Msokotaji_Mstaafu amejibu:

Ndugu Fundi, swali lako ni zuri kwa sababu umekuwa na vitambaa viwili mkononi, na vimekuonyesha jambo ambalo lebo haisemi. Asilimia inaeleza uzito wa pamba iliyorejelezwa ndani ya uzi, lakini haielezi urefu wa nyuzinyuzi zake, na urefu ndio unaobeba karibu kila kitu unacholalamikia.

Pamba mpya ya kawaida huwa na nyuzinyuzi zenye urefu wa milimita 26 hadi 29 hivi. Ili kuirejeleza kwa njia ya mashine, kitambaa hukatwakatwa, kisha hupitishwa kwenye rola zenye meno zinazokinyambua mpaka kirudi kuwa pamba. Kazi hiyo ni ya ukatili. Kila mahali uzi ulipokazwa, nyuzinyuzi hukatika badala ya kuchomoka, na zinazobaki mara nyingi huwa na urefu wa wastani wa milimita 10 hadi 15, pamoja na vumbi jingi lisilosokoteka kabisa. Kitambaa cha vitanzi kilicholegea hunyambuka kwa upole zaidi kuliko kitambaa kizito cha mtande na mshindio, na vipande vilivyobaki kwenye meza ya kukatia, ambavyo havijavaliwa wala kufuliwa, hutoa pamba nzuri kuliko nguo kuukuu iliyopita kwenye maji, sabuni na jua kwa miaka. Kwa hiyo asilimia 30 ya mtu mmoja na asilimia 30 ya mwingine zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua pamba mpya yenye urefu wa milimita 26 na iliyorejelezwa yenye urefu wa milimita 13, unene uwe uleule. Kwa uzito uleule, ile fupi itakuwa na nyuzinyuzi mara mbili zaidi, yaani na ncha mara mbili zaidi. Ukiichanganya kwa asilimia 30, ncha zote ndani ya uzi zinaongezeka kwa asilimia 30. Ukiichanganya kwa asilimia 40, zinaongezeka kwa asilimia 40. Lakini iwapo ile pamba yako ya asilimia 30 ilikuwa na urefu wa milimita 9 tu, ncha zimeongezeka kwa zaidi ya asilimia 55, na tayari umekipita kile kitambaa cha asilimia 40. Kila ncha ni unywele unaoweza kutokeza nje ya uzi na kuanza kipele, na pia ni mahali ambapo nguvu ya uzi inakatika na kulazimika kurukia kwenye jirani.

Jambo la pili ni namna uzi ulivyosokotwa. Kwenye mashine ya ringi, pamba huvutwa kati ya rola zilizotenganishwa kwa kipimo kinacholingana na urefu wa nyuzinyuzi. Ile iliyo fupi mno huelea katikati bila kushikwa na rola yoyote, ikaenda kwa makundi, na ndipo unapopata uzi wenye sehemu nene na sehemu nyembamba zinazopokezana. Mashine ya rota haina tabu hiyo: huzitenganisha nyuzinyuzi moja moja, huzipeperusha kwa hewa na kuzipanga kwenye mfereji wa rota inayozunguka kwa kasi kubwa. Ndiyo maana rota huvumilia pamba fupi. Lakini nayo ina masharti yake, kwani huhitaji takriban nyuzinyuzi 100 au zaidi katika kila mkato wa uzi. Uzi wa namba 20 kwa hesabu ya Kiingereza, wenye uzito wa gramu 29.5 kwa kilomita, una nyuzinyuzi kama 179 ikiwa pamba ni ya unene wa kawaida. Uzi wa namba 30, wenye gramu 19.7, una kama 119. Hapo rota tayari iko ukingoni, na ndiyo sababu anayetaka fulana nyepesi ya pamba iliyorejelezwa mara nyingi hukimbilia ringi, kisha hulipa kwa ulinganifu mbovu na msokoto mwingi.

Nashuku, kwa uzito wa gramu 145, kwamba kitambaa chako cheusi ni cha namba 30 ya ringi, na cha buluu ni cha namba 20 ya rota. Lakini usiniamini kwa kukisia. Fumua uzi kutoka kila kitambaa. Ushike kipande cha urefu wa kidole kati ya vidole vya mikono miwili, ukizungushe kinyume cha msokoto. Wa ringi utafunguka wote na nyuzinyuzi zitalala sambamba kama nywele zilizochanwa. Wa rota hautafunguka vizuri. Utaona nyuzinyuzi nyingine zimeuzunguka uzi kwa nje na kuubana kama mshipi kiunoni. Halafu, kwenye ukingo wa kitambaa, hesabu vitanzi 100 katika mstari mmoja, weka alama, fumua, unyooshe uzi bila kuuvuta, na upime kwa rula. Utuletee majibu.

Mfumaji_Geji20 amejibu:

Nakubaliana na mzee hapo juu kuhusu urefu, ila naona anaizunguka dawa iliyo karibu. Sisi tunaofuma tunajua kwamba pamba iliyorejelezwa ikishirikishwa na poliesta, hata kwa asilimia 30 tu, uzi unapata uti wa mgongo. Haukatiki ovyo kwenye sindano, mashine haisimami kila dakika, na kitambaa kinastahimili zaidi kusukumwa na kiwiko au goti. Mimi uzi wa pamba tupu yenye iliyorejelezwa naupokea kwa shingo upande, kwa kuwa vumbi lake linajaa kwenye vitanda vya sindano mpaka kulabu hazifungi, na kila fundo likifika kwenye sindano ni tundu.

Halafu usisahau geji, yaani idadi ya sindano za mashine kwa kila inchi. Uzi mnene haupaswi kulazimishwa kwenye mashine ya geji 28 kwa kuwa tu ndiyo iliyopo. Geji 18 au 20 inautosha, na uzi uwe umepakwa nta vizuri, la sivyo unajikwaruza njia nzima.

Kuhusu mshono kuhama, hilo ni la singo jezi yenyewe. Hamia ribu au intaloki, vitambaa vinavyofumwa kwa safu mbili za sindano, na tatizo litakwisha, kwa kuwa vitanzi vya uso wa mbele na vya nyuma vinavutana kwa usawa.

Dada_wa_Maabara amejibu:

Wakuu, naomba nitofautiane kwa heshima na ndugu Mfumaji kuhusu poliesta, kwa sababu vitambaa vya namna hiyo napokea mezani kwangu kila wiki.

Ni kweli kwamba poliesta huongeza nguvu ya kitambaa dhidi ya kupasuka. Kipimo chake kwa vitambaa vya vitanzi hakifanywi kwa kuvuta ukanda kama ilivyo kwa vitambaa vya mtande na mshindio, kwa maana kitanzi kikivutwa upande mmoja hubadili umbo kabla ya kukatika. Kitambaa hubanwa kwenye duara na kusukumwa kutoka chini kwa maji au kwa hewa, kikavimba kama andazi mpaka kipasuke. Utaratibu wa hewa ni ule wa kiwango cha kimataifa cha ISO 13938-2. Ukitia poliesta, namba ya hapo hupanda. Lakini Fundi hakulalamika kwamba fulana zimepasuka kifuani. Amelalamikia vipele, na katika vipele poliesta ni rafiki mnafiki.

Kipele hakizaliwi kwa siku moja. Kwanza ncha za nyuzinyuzi huchomoza kwa msuguano, halafu hujiviringisha zikawa donge, na donge hilo hubaki likining'inia kwa nyuzinyuzi chache zilizoshikwa bado ndani ya uzi. Katika pamba tupu, hizo zinazoshikilia huchoka na kukatika, donge likadondoka lenyewe kwenye mafuo yanayofuata. Poliesta haichoki kwa urahisi hivyo. Donge la pamba fupi lililoning'inizwa kwa poliesta hukaa pale kama kupe. Ndiyo sababu kitambaa mchanganyiko kinaweza kuonekana kizuri kwenye kipimo cha nguvu na kikaanguka vibaya kwenye kipimo cha vipele.

Na hapa kuna jambo linalohusu kitambaa cheusi moja kwa moja. Nyuzinyuzi fupi zilizorejelezwa ndizo zinazotengeneza donge, lakini zile ndefu za pamba mpya, ambazo ndizo asilimia 70, zinaweza kuwa ndizo kamba za kulining'iniza. Kwa maneno mengine, mchanganyiko wenye pamba mpya nyingi hauna kinga ya vipele kwa sababu tu ya wingi huo, hasa uzi ukiwa na manyoya na kitanzi kikiwa kimelegea kiasi cha kuziacha nyuzinyuzi zitembee.

Ndugu Fundi, jaribio moja la nyumbani: kitazame kile cheusi juani, ukiwa na kioo cha kukuzia ikiwezekana. Ukiona vidoa vidogo vyeupe vinavyong'aa, ambavyo rangi haikuvishika, chomoa kadhaa kwa koleo ya nyusi na uvisogeze kwenye moto. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha kishanga kigumu. Rangi zinazotumika kwa pamba hazishiki kwenye poliesta, kwa hiyo vidoa hivyo mara nyingi ni ushahidi kwamba nguo kuukuu za mchanganyiko ziliingia kwenye mashine ya kunyambulia bila kuchaguliwa.

Kuhusu ule ulaini wa sufi uliomvutia mteja wako, tahadhari. Vitambaa vingi humalizwa kwa vilainishi vya silikoni, ambavyo huzifanya nyuzinyuzi ziteleze na kuchomoka kwa urahisi zaidi. Vilainishi vikipungua kwa mafuo, mguso wa kitambaa hubadilika, ila manyoya yaliyokwisha kutoka hayarudi. Wengine hutumia vimeng'enya vya kula manyoya ya juu. Kwa pamba mpya yenye uzi imara ni matibabu mazuri, lakini vimeng'enya hivyo hula selulosi, ambayo ndiyo pamba yenyewe, na uzi uliokuwa tayari dhaifu hutoka humo dhaifu zaidi. Kwa hiyo mimi sipimi kitambaa kipya peke yake. Kipande kimoja hupimwa kabla ya kufuliwa, kingine baada ya mafuo matano kwa utaratibu wa ISO 6330, na vyote hulazwa kwanza kwenye chumba chenye joto la nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 65, maana pamba yenye unyevu tofauti hutoa namba tofauti. Vipele hupimwa kwa kukisugua kitambaa juu ya kitambaa chenyewe, kwa ISO 12945-2, na hukaguliwa baada ya mizunguko 125, 500, 1000, 2000 na kuendelea. Daraja la 5 ni kitambaa kisichobadilika na la 1 ni kile usichotamani kukiona.

Ushauri wa kuhamia ribu au intaloki ni sahihi kwa mshono unaohama, lakini mteja aliyeagiza fulana nyepesi hatakubali apewe kitambaa kizito. Tatizo lenyewe linatoka kwenye uzi wenye kiherehere, yaani uliosokotwa sana na unaotaka kujifungua. Ukiloa, hupata nafasi ya kujifungua, na kila kitanzi huinama kidogo kuelekea upande mmoja. Uzi wa rota huwa na kiherehere kidogo kuliko wa ringi, jambo linaloshangaza wengi kwa kuwa wa rota unasokotwa zaidi. Idadi ya nyuzi zinazolishwa kwa pamoja kwenye mashine ya mduara nayo huongeza mwinamo wake. Wanunuzi wengi hukubali mshono uhame kwa kiasi kisichozidi asilimia 5. Vidole vitatu upindoni ni zaidi ya hapo.

Fundi_Cherehani amejibu:

Nimerudi, na ninawashukuru wote. Nimeharibu jioni nzima na fulana mbili, lakini sijutii.

Uzi wa kitambaa cheusi ulifunguka wote kama mzee alivyosema, ukalala sambamba, na ulipofika mwisho ulikatika wenyewe kabla sijauvuta. Usipovutwa hujisokota wenyewe na kuwa kama mkufu. Vitanzi 100 vimetoa sentimita 31. Uzi wa buluu haukufunguka; niliona ile mishipi inayouzunguka, na vitanzi 100 vimetoa sentimita 34. Nimepima pia uzito kwa mizani ya vito niliyoazima: mita 100 za uzi mweusi zina gramu 2 kasoro kidogo, na za buluu zina karibu gramu 3. Kwa hiyo mzee alipatia namba zote mbili, 30 na 20, bila kukigusa kitambaa.

Vidoa vyeupe vipo. Sikuwahi kuviona mpaka nilipotoka nje juani, na baada ya hapo sikuweza kuacha kuviona. Nilichoma vitano, vinne vilitoa kishanga.

Katika uzi wa buluu iliniwia rahisi kuzijua zilizorejelezwa kwa sababu ndizo zenye rangi, na nyeupe ni pamba mpya. Nilizichomoa ishirini na kuzipanga juu ya karatasi nyeupe kando ya rula. Fupi kabisa ilikuwa milimita 7, ndefu kabisa 21, na nyingi zilikuwa kati ya 12 na 16. Kwenye cheusi sikuweza kutofautisha, kwa kuwa zote ni nyeusi, lakini vipele vyenyewe nilipovifumua vilikuwa na vipande vifupi mno, vingine kama vumbi la chaki.

Jambo moja linanitatiza. Kitanzi cha kitambaa cheusi ni kifupi, sentimita 31 dhidi ya 34. Je, hiyo haimaanishi kwamba kimefumwa kwa kukazwa zaidi?

Msokotaji_Mstaafu amejibu:

Ishirini ni chache kwa maabara lakini zinatosha kwa mtu mwenye macho. Umefanya kazi nzuri.

Hapana, urefu wa kitanzi peke yake hauelezi mkazo, kwa kuwa uzi mwembamba unahitaji kitanzi kifupi ili ujaze nafasi ileile. Tunatumia hesabu hii: chukua gramu za kilomita moja ya uzi, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha gawanya kwa urefu wa kitanzi kimoja kwa sentimita. Uzi mweusi una gramu 19.7, kipeuo chake ni 4.44, ukigawanya kwa 0.31 unapata 14.3. Wa buluu una gramu 29.5, kipeuo chake ni 5.43, ukigawanya kwa 0.34 unapata 16. Kitambaa cha buluu ndicho kilichokazwa zaidi. Kwa pamba mpya iliyosokotwa vizuri, 14.3 ni kipimo cha kawaida kabisa cha singo jezi, na wala nisingemlaumu mfumaji. Kwa uzi wenye ncha nyingi kama ule, ni mlango ulioachwa wazi.

Sasa tazama jinsi mambo yalivyorundikana juu ya kitambaa kimoja: pamba iliyotoka kwenye nguo kuukuu zisizochaguliwa, uzi mwembamba wa ringi ambao haikufaa kusokotewa, msokoto mwingi wa kuufidia ufupi, kitanzi kilicholegea, na mwishoni beseni la rangi nyeusi ambamo kitambaa kilipikwa na kusuguliwa. Kile cha buluu kiliepuka hata hilo la mwisho, kwa sababu pamba yake iliyorejelezwa ilikuja na rangi yake ya awali. Huo ndio uzuri wa melanji ambao wengi hawauoni. Wanadhani ni mtindo tu. Ubaya wake ni kwamba rangi hutegemea vipande vilivyoingia siku ile, kwa hiyo nunua majora yote ya oda moja kutoka kundi moja, la sivyo mkono wa fulana utakuwa na buluu yake na kifua kitakuwa na yake.

Kwenye oda yako ijayo, uliza kwanza pamba hiyo imetoka wapi: meza ya kukatia au nguo zilizovaliwa. Uliza namba ya uzi na namna ulivyosokotwa, na usikubali namba 30 ya ringi kwa asilimia hizo isipokuwa umeona kipande kilichofuliwa. Kama mteja anataka wepesi, afadhali umpunguzie asilimia katika uzi mwembamba kuliko kumpa asilimia kubwa katika uzi usioibeba.

Kuna pia pamba inayorejelezwa kwa kemikali, ambapo kitambaa huyeyushwa na kutolewa upya kama nyuzinyuzi za aina ya viskosi, yaani zinazotengenezwa kiwandani kutokana na selulosi, zenye urefu wowote utakaotakiwa. Hiyo ni bidhaa nyingine, ina tabia za viskosi, na hayo yote ya ufupi niliyoyasema hayaihusu. Ukiambiwa kitambaa kina pamba iliyorejelezwa, hakikisha unajua ni ipi kati ya hizo mbili.

Dada_wa_Maabara amejibu:

Nyongeza mbili fupi. Kwanza, cheti kisichanganywe na ubora. Kiwango cha GRS (Global Recycled Standard) kinachosimamiwa na shirika la Textile Exchange kinadai angalau asilimia 20 ya malighafi iliyorejelezwa, na nembo yake haiwekwi kwenye bidhaa ya mlaji ikiwa haifiki asilimia 50. Kile cha RCS (Recycled Claim Standard) kinaanzia asilimia 5. Vyote viwili vinafuatilia malighafi ilikotoka na kiasi chake. Hakuna hata kimoja kinachokuahidi kwamba fulana haitatoka vipele.

Pili, wateja wako wakiuliza kuhusu joto na jasho, usiwe na wasiwasi sana. Pamba fupi hufyonza unyevu sawa na ndefu, kwa sababu selulosi ni ileile. Katika hali ya kawaida ya maabara pamba hubeba unyevu wa takriban asilimia 8.5 ya uzito wake, na poliesta asilimia 0.4. Upenyaji wa hewa unategemea zaidi kitanzi na unene wa uzi kuliko asilimia ya iliyorejelezwa. Kitambaa chako cha buluu huenda kikapitisha hewa kidogo kuliko cheusi kwa sababu kimekazwa na ni kizito, na hiyo ndiyo bei ya uimara wake.

Mfumaji_Geji20 amejibu:

Dada, kuhusu vipele umenishinda, nakiri. Kwenye sweta za kazini, ambako nguvu inatangulia sura, bado nitaitia poliesta, lakini kwa fulana nimekusikia.

Ila wote mmepita juu ya vitundu vya begani, na hivyo mimi sidhani kama ni vya kitambaa. Tundu linalotokea kando ya mshono baada ya mafuo machache, na likikimbia ukilivuta, mara nyingi ni kitanzi kilichokatwa na sindano ya cherehani siku ileile ya kushona. Ndugu Fundi, unatumia sindano gani?

Fundi_Cherehani amejibu:

Namba 90, yenye ncha kali. Ndiyo tunayotumia kwa kila kitu.

Mfumaji_Geji20 amejibu:

Basi hiyo umejifanyia mwenyewe, ndugu yangu. Kwa singo jezi ya uzi mwembamba tumia namba 70, au 75, yenye ncha ya duara, ambayo inausukuma uzi pembeni badala ya kuuchoma. Uzi mnene wa kitambaa cha buluu uliivumilia namba 90. Ule mweusi, ukiwa na sehemu nyembamba alizozitaja mzee, haukuwa na nafasi hiyo. Angalia pia kama ncha imepinda: ipitishe taratibu juu ya soksi ya nailoni, na ikikwaruza itupe.

Fundi_Cherehani amejibu:

Nimeipitisha, na imekwaruza. Nimefungua cherehani zote nne. Tatu zilikuwa hivyo hivyo.

Nimeshona kipande cha kitambaa cheusi kilichobaki kwa namba 70 ya ncha ya duara, mshono wa bega kama ule wa fulana, na kingine kwa sindano ya zamani. Nimeviweka vyote kwenye mfuo wa leo pamoja na nguo za nyumbani. Nimeomba pia kipande cha melanji ya asilimia 30 kutoka meza ya kukatia, namba 24 ya rota, ili nacho kifuliwe mara tano kabla sijaagiza jora. Mafuo yakikamilika nitaleta picha za vyote vitatu hapa.